Mwendo wa kempa huamuliwa nyumbani, kabla ya kuwasha gari

Mleta uzi (Sakina, Arusha)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninaufungua uzi huu kwa sababu magari ya kulala, yaani yale yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, yanazidi kuonekana katika barabara zetu za Arusha na Moshi. Mengine ni Kosta zilizong'olewa viti, mengine ni Canter zilizojengewa chumba mgongoni, na mengine yameshushwa bandarini na wageni wanaoizunguka Afrika. Wengi tunayaita kempa, nami nitalitumia jina hilo. Ninayo moja, Kosta niliyoigeuza kwa msaada wa seremala na fundi wa kuchomelea, na nataka tujadiliane kuhusu jambo moja tu, nalo ni mwendo.

Nimeendesha magari ya utalii kwa miaka 19, na niliamini kwamba uzoefu huo ungenitosha. Haukunitosha. Mwaka wa kwanza wa kempa tulikuwa tunakwenda Karatu kwenye kipaimara cha mpwa wangu. Ibada ilikuwa saa nne, nasi tulitoka nyumbani saa mbili kasoro badala ya saa 12, kwa sababu usiku uliotangulia hatukumaliza kupakia. Nilijaza tangi lote la maji la lita 200 ingawa tulikuwa tunakwenda kwenye nyumba yenye bomba. Juu ya paa nilifunga viti vya plastiki 30 vya sherehe, na nyuma kabisa, karibu na mlango, niliweka mchele na kreti za soda. Baada ya Meserani barabara ilinyooka, nikakanyaga mafuta, na mshale ukawa kati ya 95 na 100.

Kilomita chache kabla ya Makuyuni nilisikia mlio kama wa bati lililopigwa nyundo, kisha mkia wa gari ukaanza kuyumba. Tairi la ndani la nyuma, upande wa kulia, lilikuwa limepasuka. Namshukuru Mungu kwamba sikukanyaga breki. Niliushika usukani kwa mikono miwili, nikaondoa mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lipungue lenyewe, lakini kila liliponyooka, uzito wa tangi la maji uliliyumbisha tena upande wa pili. Droo ya sufuria ilifunguka, kifuniko kikaruka hadi kwenye kioo cha mbele na kubaki pale juu ya dashibodi kikizunguka. Tulisimama gurudumu la mbele likiwa hatua moja kutoka kwenye mtaro. Mke wangu alikuwa amejishikilia kwenye mguu wa meza, na mwanangu mdogo, niliyemruhusu akae kitandani, alikuwa sakafuni akilia, ingawa hakuumia.

Wakati wa kubadilisha tairi nilisoma tarakimu nne zilizo mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni mwake. Zilisomeka 1113, maana yake lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2013. Aliyeniuzia matairi hayo aliniambia kwamba ni mapya, na kwa kweli kashata zake, yaani mpira unaokanyaga lami, zilikuwa bado nene, lakini mpira ulikuwa na nyufa ndogondogo ubavuni kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Sikuwa nimeinama kuziangalia, kwa sababu tairi la ndani halionekani mpaka mtu apige magoti.

Tangu siku ile naamini kwamba mwendo salama wa kempa hauamuliwi na mguu wa dereva akiwa barabarani. Huamuliwa nyumbani, wakati wa kupakia, wakati wa kukagua matairi na wakati wa kupanga saa ya kuondoka. Nilikuwa nakimbia kwa sababu nilichelewa, gari likayumba kwa sababu nilipakia vibaya, na tairi likapasuka kwa sababu lilikuwa limezeeka na upepo wake ulikuwa mdogo kuliko uzito liliobeba. Kufika Meserani nilikuwa nimekwisha kufanya makosa yote matatu.

Naanza na uzito, kwa sababu ndio unaosahaulika kuliko yote. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 200 ni sawa na watu watatu wazima, tena watu wasiotulia. Tangi lililojaa kabisa huelemea lakini maji yake hayachezi, ilhali tangi lililojaa nusu huwa na maji yanayokimbilia mbele unapofunga breki na kukimbilia pembeni unapokata kona. Siku hizi najaza kiasi cha kunywa na kupikia njiani, na mengine nayachota nikifika. Vitu vizito nimevishusha sakafuni, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na juu ya paa sipandishi chochote isipokuwa godoro. Baada ya tukio lile nililipima gari langu kwenye mizani likiwa limepakiwa kama la safari, nalo lilizidi makadirio yangu kwa kilo 340, nyingi zikiwa ekseli ya nyuma. Mwenye kempa ambaye hajawahi kuipima hajui anaendesha nini.

Sasa nije kwenye mwendo wenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 yasizidi 80 hata nje ya makazi. Kosta iliyojengewa makabati, kitanda, betri na matangi imo ndani ya sheria hiyo, hata kama mwenyewe analiona kuwa ni gari la familia. Wengi wetu tunaiogopa tochi ya trafiki, yaani kile kipima mwendo, kuliko tunavyoielewa sababu ya namba 80, kwa hiyo nilichukua daftari nikapiga hesabu, nami ningependa mnisahihishe mkiona nimekosea.

Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu tangu anapomwona ng'ombe barabarani mpaka mguu wake ukanyage breki. Kwa mwendo wa 80 gari huwa limekwenda mita 33 kabla breki haijaanza kazi, na kwa mwendo wa 100 huwa limekwenda karibu mita 42. Tukichukua breki za gari zito lililopakiwa, kwenye lami kavu, zinazopunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, gari la 80 litahitaji mita 49 zaidi ili lisimame, na gari la 100 litahitaji mita 77. Jumla ni mita 83 dhidi ya mita 119. Kilichonishtua zaidi ni hiki: pale ambapo gari la 80 limesimama kabisa, gari la 100 linapita mahali hapohapo likiwa bado na mwendo wa kilomita 68 kwa saa. Ng'ombe wa pale Meserani ni yuleyule na dereva ni yuleyule.

Faida ya haraka hiyo ni ndogo mno. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, na katika karatasi, mwendo wa 100 unaokoa dakika 12 ukilinganisha na 80. Katika barabara halisi hauokoi hata hizo, kwa sababu kuanzia Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, hadi Boma Ng'ombe unakutana na vibao vya 50, matuta, vivuko vya wanafunzi na bodaboda zinazojitokeza kutoka kwenye migomba. Nimejaribu mara mbili, siku za Jumamosi, nikitoka saa moja asubuhi. Safari ya kwanza nilikaa kwenye 80 popote paliporuhusu, na safari ya pili, nikiwa na gari dogo la shemeji yangu, nilikwenda mpaka 100 penye nafasi. Tofauti ilikuwa dakika saba. Dakika saba hizo huzipata kwa kuamka mapema kidogo, na ndiyo sababu nasema kwamba mwendo huamuliwa nyumbani.

Mteremko nao una sheria yake. Kutoka Karatu ukielekea Mto wa Mbu, pale juu ambapo wageni husimama kulitazama Ziwa Manyara, barabara inashuka kwa kona kali hadi bondeni. Gia ya kushukia ichaguliwe kabla ya kuanza kushuka, maana ukishachelewa na gari likashika kasi, kuirudisha gia huwa ni kazi ngumu. Wazee walitufundisha kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na kwa kempa naongeza kwamba ukiwa na shaka, chukua iliyo chini yake. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo upungue, kisha iachiwe ipoe, badala ya kuilalia mguu kutoka juu hadi chini. Ukisikia harufu ya breki kuungua, tafuta mahali papana usimame, usimwagie magurudumu maji, ukae hata nusu saa. Sisi wa huku hatuhitaji kukumbushwa mteremko wa Rhotia na asubuhi ile ya mvua ya Mei 2017, ambapo wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao walipoteza maisha. Kila ninapopita pale napunguza mwendo, na sijali aliye nyuma yangu anapiga honi kiasi gani.

Upepo nao nautaja, kwa sababu ubavu wa kempa ni kama tanga la jahazi. Katika uwanda wa Longido, kwenye barabara ya Namanga, upepo wa pembeni hulisukuma gari taratibu mpaka unajikuta umekaza usukani upande mmoja bila kujua. Basi kubwa likipishana nawe, gari lako kwanza husukumwa nje, kisha huvutwa ndani. Kwa mwendo wa 70 hadi 80 jambo hilo ni la kurekebisha kwa vidole, lakini ukiwa juu ya hapo unarekebisha kwa mabega, na aliyezoea gari dogo hurekebisha kupita kiasi.

Naomba michango yenu, hasa wale mnaoendesha magari ya aina hii.

Mwanachama wa Pasua, Moshi

Shikamoo mzee wetu, na asante kwa uzi wenye hesabu. Nina hoja moja ambayo naomba uipokee kwa heshima. Mimi huendesha gari dogo kati ya Moshi na Arusha karibu kila siku, na gari linalokwenda 60 au 70 katika barabara ya njia mbili hutengeneza msururu. Wenye haraka huanza kuovateki mahali pabaya, na ajali huwakuta wengine wakati yule wa polepole amekwisha kufika kwake. Je, mwendo huo wa kiasi hauwi hatari kwa wenzako?

Mleta uzi

Marahaba, kijana wangu. Hoja yako ni ya kweli, na sitaipinga. Mwendo wa kiasi haumpi mtu haki ya kuishika barabara. Kuanzia Sakina mpaka Tengeru tuna njia nne, na pale shida ni ndogo mradi ukae kushoto. Baada ya Tengeru ninajiwekea utaratibu: nikiona magari matatu nyuma yangu, kituo cha daladala kinachofuata ni changu. Naonyesha taa ya kushoto mapema, naingia, nasimama kabisa, wanapita wote, kisha narudi. Inanichukua dakika moja hivi, na kati ya Tengeru na Moshi hunitokea mara nne au tano. Dakika hizo pia naziweka kwenye hesabu ya safari.

Kuna desturi moja ambayo nawaomba wenye kempa waiache, ingawa malori mengi huifanya kwa nia njema, yaani kumwashia taa aliye nyuma ili kumwambia apite. Ukifanya hivyo umeyachukua macho yake na kuyafanya yako, na wewe hujui gari lake lina nguvu kiasi gani wala kama ameielewa ishara yako. Taa yangu ya kushoto nataka imaanishe jambo moja tu, kwamba naingia kushoto. Aidha, anayeovateki akishaanza, usiongeze mwendo hata kidogo, na ikibidi upunguze ili apate mahali pa kuingilia.

Na kuhusu umbali, mimi humwachia aliye mbele sekunde nne, na mvua ikinyesha naziongeza ziwe sita. Chagua nguzo ya umeme, gari la mbele likiipita uanze kuhesabu taratibu. Najua daladala itaingia katika nafasi hiyo. Ikiingia, rudi nyuma uihesabu upya.

Fundi, Unga Limited, Arusha

Ninamuunga mkono mleta uzi, nami naomba niongeze kwa upande wa gereji. Kosta nyingi za zamani zina breki za mafuta zinazosaidiwa na hydrovac, yaani kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye pedali, na hydrovac hiyo huishi kwa sababu injini inazunguka. Wapo madereva wanaoweka free kwenye mteremko, na wengine hata huzima injini, wakidhani kwamba wanaokoa dizeli. Akiwa free amejinyima msaada wa gia, na akizima injini atapata breki mbili au tatu nzuri tu, baada ya hapo pedali itakuwa ngumu kama jiwe na usukani utakuwa mzito vilevile. Dizeli aliyoiokoa haijazi hata chupa ya soda.

Jambo la pili ni mafuta ya breki. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa kadiri siku zinavyokwenda, na yakishafyonza huchemka mapema. Unaposhuka mteremko mrefu breki zikapata moto, unyevu ule hugeuka mvuke ndani ya mabomba, na mvuke hukandamizika, kwa hiyo pedali huzama mpaka chini bila gari kushika. Baadaye gari likipoa pedali hurudi, mteja analeta gari kwangu akisema breki zilimkataa jana lakini leo ni nzima. Si nzima. Kwa kempa, ambayo husimama nyumbani miezi kadhaa kisha inapakiwa na kupelekwa Ngorongoro, nashauri mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea.

Kuhusu matairi, gari linalosimama muda mrefu huharibu tairi kuliko gari la kazi. Jua hulipiga upande mmoja, uzito hulikandamiza mahali pamoja, na upepo hupungua bila mtu kujua. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi, kabla ya safari, na utosheleze uzito wa ekseli, si wa kukisia kwa kupiga teke. Ukisimama Makuyuni adhuhuri ukapima na kukuta umeongezeka, usiupunguze, kwa sababu ni joto tu, na ukiupunguza tairi litakuwa na upungufu likipoa. Tena, waliofungiwa matairi ya ndani na ya nje kule nyuma wanunue valvu ndefu, ili tairi la ndani lipate kupimwa bila kufungua kitu. Msome na herufi ya mwendo ubavuni: J ni 100, K ni 110, L ni 120. Nimewahi kufungua tairi la J kwenye gari ambalo mwenyewe alijisifu kwamba linafika 120.

Mwanachama wa Njiro, Arusha

Nilisoma Ujerumani na niliwahi kukodi kempa huko na wenzangu. Nilichojifunza ni kwamba hata wao, pamoja na barabara zao, hawaliachi gari hili likimbie. Kempa inayozidi tani 3 na nusu hadi 7 na nusu inaruhusiwa 80 katika barabara za kawaida nje ya miji, na 100 katika barabara zao kuu za Autobahn, ambako gari dogo katika sehemu nyingi halina kikomo. Uingereza nako, kempa ambayo uzito wake ikiwa tupu unazidi tani 3.05 haipaswi kuzidi maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80, katika barabara ya njia mbili isiyotenganishwa. Kwa hiyo namba 80 ya mleta uzi haitokani na ubovu wa barabara zetu. Inatokana na uzito na kimo cha gari lenyewe.

Mama wa Kiborloni, Moshi

Asanteni sana, kaka zangu. Nimeusoma uzi huu usiku wa manane kwa sababu unanihusu moja kwa moja. Mimi na mume wangu tumekodi kempa kwa ajili ya kwenda Tanga likizo ya Desemba, pamoja na watoto wanne, mkubwa ana miaka 13 na mdogo ana miaka minne. Mpango wetu ulikuwa kuondoka Moshi Alhamisi jioni mume wangu akitoka kazini, tuendeshe usiku wakati barabara imepoa, watoto wakiwa wamelala kitandani, tuamkie Tanga. Sasa nina wasiwasi. Mnanishauri nini?

Mleta uzi

Dada yangu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuondoka. Nitakujibu kwa urefu.

Usiku naomba muuache. Mume wako atakuwa ametoka kazini, mwili umechoka, halafu mnampa gari asilolizoea katika barabara ya mabasi na malori makubwa. Gari lililoharibika huachwa limesimama kwenye lami bila taa, na onyo lake mara nyingi huwa ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani, ambayo ukiwa na taa za kawaida kwa mwendo wa 80 unayaona ukiwa umekwisha kuyafikia. Kumbuka zile mita 83 za kusimamia. Mwanga wa taa ukiishia mita 60 mbele yako, mwendo wako salama si 80 tena. Na ukipita sehemu za wanyama, kama Kwakuchinja huku kwetu kati ya Tarangire na Manyara, usiku ndio wakati wao wa kuvuka.

Ondokeni Ijumaa saa 12 alfajiri. Simameni Same mpate chai na mkague matairi kwa kuyagusa kwa kiganja. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, lina tatizo. Kati ya Same na Mombo barabara imenyooka, upepo wa pembeni upo, na dereva huanza kusinzia akiwa macho wazi, kwa hiyo mkifika Mombo simameni tena hata kama hakuna aliyechoka. Gari hili linamchosha dereva kuliko gari dogo, kwa sababu analirekebisha kila sekunde. Saa mbili za kuendesha kisha robo saa ya kupumzika ni utaratibu mzuri, nao hauhitaji mwendo zaidi ya 80 ili mfike mchana.

Watoto wote wanne wakae kwenye viti vyenye mikanda, na yule wa miaka minne awe na kiti chake cha mtoto kilichofungwa imara. Kempa ikiwa na mikanda mitatu tu nyuma, basi hiyo si kempa yenu, hata kama ina vitanda sita. Kitanda ni cha gari lililosimama. Nilimruhusu mwanangu akae pale, na picha ya yeye akiwa sakafuni haijaniondoka hadi leo.

Kabla ya kulichukua gari, pigeni magoti msome tarakimu za matairi yote sita na la akiba. Ulizeni upepo wa mbele na wa nyuma mwandike. Pimeni kimo cha gari kwa futi ya fundi, kutoka chini hadi kitu kilicho juu kabisa, mkiandike kwenye karatasi na kuibandika juu ya usukani, kwa sababu akili ya mtu aliyezoea gari dogo hukisahau kimo akiingia kituo cha mafuta chenye paa la chini. Fungeni mtungi wa gesi kwenye koki yake kabla ya kuondoka. Kisha mume wako aliendeshe nusu saa kwenye uwanja mpana bila watoto, akate kona kushoto huku wewe umesimama nje unatazama mkia. Mtaona kwamba akikata kushoto, sehemu iliyo nyuma ya magurudumu inatoka kulia kama mlango unaofunguliwa. Bodaboda nyingi hugongwa na mkia huo, si na mbele ya gari.

Fundi, Unga Limited, Arusha

Dada, naongeza moja. Mkiwa pale uwanjani mwambie afunge breki kwa nguvu akiwa na mwendo wa 40, mara mbili. Gari likivuta upande mmoja, msilichukue mpaka litengenezwe. Na hapohapo mtajua ni kabati gani litafunguka.

Mama wa Kiborloni, Moshi

Narudi kuwapa mrejesho. Leo tulikwenda kulikagua gari. Matairi ya mbele ni ya mwaka jana. Nyuma, matatu ni mazuri, lakini la ndani upande wa kushoto lilisomeka 3416, na mume wangu alipolimulika kwa simu aliona nyufa ubavuni kama ulivyoeleza. Mwenye gari mwanzoni alisema kashata bado zipo, nasi tukamwonyesha tarakimu. Amekubali kulibadilisha kabla ya Jumatano, na tumekubaliana kwamba tutalipa siku atakapolifunga tukiwapo.

Kimo ni mita 2.94. Mwanangu mkubwa amekiandika kwa kalamu nene kwenye boksi, naye ameomba awe ndiye anayekisoma kila tukikaribia kituo cha mafuta. Mikanda ya nyuma ipo minne na inafunga. Kwenye jaribio la breki gari halikuvuta upande wowote, ila droo ya vijiko ilitoka yote ikamwagika, kwa hiyo tumenunua komeo.

Tumehamisha safari. Tunaondoka Ijumaa saa 12 alfajiri, na dada yangu wa Tanga nimemwambia asitupikie chakula cha mchana.